Bibi Aliomba Medi: Barua ya Wazi kwa Baraza la Kiswahili la Taifa

Waheshimiwa wajumbe na watendaji wa BAKITA,



Nawaandikia kutoka Nanganga, njiapanda ambapo barabara itokayo Lindi kwenda Masasi inaachana na ile ya Ruangwa. Mliowahi kupita hapa kwa basi mtakuwa mnapakumbuka. Gari likisimama tu, madirisha yanajaa masinia ya korosho za kukaanga, ndizi, na ming'oko iliyochemshwa ikingali inafuka mvuke. Mama anayewauzia atawatajia bei kwa Kiswahili. Akigeuka kumwomba mwenzake chenji atasema Kimwera, mwenzake atamjibu Kimakonde, na yule wa pembeni, Mmakua, atacheka kwa sababu ameyaelewa ya wote wawili. Basi likiondoka wanarudi kivulini na mazungumzo yanaendelea hivyo hivyo, bila mtu kuona ajabu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimesimama mbele ya ubao kwa zaidi ya miaka ishirini nikifundisha ngeli, tungo na ushairi, na sijaijutia kazi hii hata siku moja. Baba yangu ni Mmwera wa hukuhuku bonde la Lukuledi. Mama alishuka kutoka Newala, ni Mmakonde. Walipokutana kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, na kilichowaoza ni Kiswahili. Ndicho walichobembelezania, ndicho walichogombania, ndicho walichonilelea. Kwa hiyo naomba msinisome kama mtu mwenye kinyongo nacho. Ninaota kwa Kiswahili, ninamwomba Mungu kwa Kiswahili. Ninalowaletea ni jambo lililotendwa kwa jina la Kiswahili, na ambalo ninaamini ninyi ndio mnaoweza kulimaliza kwa neno moja.

Nilikuwa darasa la tatu. Shuleni kwetu kulikuwa na kipande cha ubao, upana wake kama kiganja cha mtu mzima, kimetobolewa tundu mbili na kupitishwa kamba ya katani. Tulikiita kibao. Anayesikika akisema lugha ya nyumbani anavishwa shingoni, naye anashinda akimvizia mwenzake atakayeteleza ili amvishe. Jioni, kengele ya kufunga ikilia, atakayekutwa nacho anachapwa. Siku moja bibi mzaa mama, aliyekuja kututembelea kutoka Newala, alinifuata saa ya mapumziko na ming'oko aliyoifunga kwenye jani la mgomba. Alisimama nje ya uzio wa miti, akaniita kwa jina la nyumbani na kuniuliza kitu kwa Kimakonde. Nikamjibu. Maneno matatu, sidhani yalifika manne. Kabla mkono wangu haujaufikia ule mfungo wa jani, rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja alikuwa nyuma yangu tayari, anakivua kibao shingoni mwake na kunivisha mimi, furaha ya kuponea imemjaa usoni. Bibi alitazama. Hakujua kusoma, lakini alielewa kwamba nimeadhibiwa na kwamba yeye ndiye sababu. Akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wamekufunga nini?" Nikamwambia, "Si kitu, bibi." Nilimwambia kwa Kiswahili. Tangu siku ile mpaka anazeeka, sikumjibu tena kwa lugha nyingine.

Mwalimu aliyetuchapa hakuwa mtu mbaya. Alitoka mkoa wa mbali, aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, na aliwanunulia madaftari watoto wasio na uwezo kwa mshahara wake mdogo. Aliamini kabisa kwamba anatujenga. Nami nilipopata darasa langu niliamini vilevile. Nilibandika ukutani karatasi ya manila niliyoiandika kwa wino mwekundu: ZUNGUMZA KISWAHILI WAKATI WOTE. Sikuchapa mtu, lakini nilikunja uso. Mtoto aliyetoka vijiji vya huko juu Newala akisema "chi" mahali pa "ki", darasa zima lilicheka, nami sikuwakemea waliocheka. Ilhali wenyewe huita lugha yao Chimakonde, na "chi" yao na "ki" yetu ni kitu kimoja tu, kama Kiswahili chenyewe kinavyosema kisu kikali halafu kikasema chakula chema bila mtu kucheka. Nilikuwa na shahada na hilo nililijua. Ningeweza kukigeuza kicheko kile kuwa somo zuri la ngeli kuliko yote niliyowahi kufundisha, na sikufanya.

Miaka michache iliyopita bibi alipooza upande mmoja. Nilikaa naye wodini siku tisa. Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote. Alichojifunza ukubwani, sokoni na kwenye mikutano ya kijiji, kiliondoka kwanza, akabaki na kile alichozaliwa nacho. Daktari alikuwa kijana mpole wa kutoka kaskazini, na kila asubuhi alinigeukia, "Mama, bibi anasema nini?" Asubuhi ya kwanza bibi aliomba medi. Hilo nililijua, ni maji, nikamnyanyua kichwa nikamnywesha. Akamaliza, akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, sentensi ndefu zenye kupanda na kushuka, ananitazama machoni kama mtu anayekabidhi kitu. Nilishika neno moja katika kila matano. Daktari akasubiri. Nikamwambia, "Anasema anaumwa." Hakuwa akisema anaumwa. Bibi alijua kwamba sikuelewa, maana aliuachia mkono wangu na kugeukia ukutani.

Tulimzika Newala. Maneno niliyoyasikia niliyaandika nyuma ya kadi yake ya hospitali, kama yalivyonifikia sikioni. Siyaweki hapa kwa sababu najua nimeyakosea.

Nimewaza sana kwa nini jambo hili linauma namna hii, na jibu moja limetoka hukuhuku kusini. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, kwa asili yetu, huhesabu ukoo upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu yake. Mahali pengine "lugha mama" huenda ikawa istilahi ya wanaisimu. Kwetu ni jambo la damu. Mimi, hata kama baba yangu ni Mmwera na nimekulia kwake, kwa hesabu ya wazee ni mtu wa Newala. Mtu akiniuliza "Wewe ni nani?" kwa ile namna ya kizee, anataka nitaje mama wa mama yangu. Naweza kumtaja jina. Nikitakiwa kusema kwa lugha yake, ninanyamaza.

Wasomi wamelizungumza sana jambo la kibao shingoni. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi watoto wa Kikuyu walivyoadhibiwa shuleni kwa kusema lugha yao, na kitabu chake cha 1986 kuhusu ukoloni wa mawazo kimesomwa dunia nzima. Lakini alikuwa na mtu wa kumkasirikia: kibao chake kilivishwa na Kiingereza, lugha ya mwenye bunduki na shamba. Changu kilivishwa na lugha ninayoipenda. Kilivishwa na lugha iliyotukomboa. Ndiyo maana sisi Watanzania tumeshindwa hata kulia vizuri. Tukifungua mdomo tunajiona kama tunamtukana mama kwa sababu ya bibi.

Na Kiswahili hakikuja kusini kama mvamizi tu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, yuleyule aliyekuwa Unguja akiandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko, aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani ili waanze maisha upya. Mwaka 1890 Machemba, Myao aliyekuwa na nguvu katika uwanda huu wa Makonde, alipotakiwa na Wajerumani aende kujisalimisha, alimwandikia kamanda wao, Hermann von Wissmann, barua ya kukataa, na aliiandika kwa Kiswahili. Hapa kwetu basi Kiswahili kilikuwa lugha ya kusema hapana tangu siku za mwanzo. Machemba hakuacha kuwa Myao ili aandike barua ile. Alikuwa na lugha ya kuzungumza na watu wake na lugha ya kumkatalia mgeni, na hakuna aliyemwambia achague moja.

Mwaka 1906, majivu ya Majimaji yakiwa bado ya moto, alifika Mjerumani mwingine, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alizunguka Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasia sauti kwenye silinda za nta, akawanasa wazee wetu wakiimba. Sauti zile zilisafirishwa kwenda Ujerumani na zimehifadhiwa huko. Nikilifikiria hili nashindwa kukaa kitini. Kwamba yuko mtu wa Newala wa mwaka 1906 anayeimba mpaka leo katika kabati la Ujerumani, na bibi yangu, aliyekufa juzi katika nchi yake huru, hakuna mahali sauti yake ilipo. Hata sarufi kubwa ya Kimakonde, ya lahaja ya Chinnima, iliandikwa na Mholanzi, Peter Kraal, ikatoka Leiden mwaka 2005 kwa Kiingereza. Namshukuru kwa dhati. Lakini mtoto wa Kitangari, huko Newala, hawezi kuisoma, na mwalimu wake hajui kama ipo.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimelitoa mwenyewe mara nyingi katika vikao vya walimu. Ukabila. Nchi hii imekaa kwa amani kwa sababu ya Kiswahili, tuangalie majirani, tusichokoze. Silichezei jibu hili. Mimi mwenyewe ni tunda la umoja huo, nisingezaliwa bila yake. Nakubali pia kwamba mwaka 1967, Baraza lenu lilipoundwa kwa sheria na Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, nchi ilikuwa changa na ilihitaji kamba ya kujifunga pamoja. Lakini tazameni nani anachapwa. Mtoto wa miaka saba anayemwambia mwenzake "nipe kalamu" kwa Kimakua hagombei ubunge. Hamnyimi mtu kazi kwa sababu ya ukoo wake. Ukabila wa kweli nimeuona maofisini, na umesemwa kwa Kiswahili fasaha na Kiingereza cha chuoni. Haukuhitaji lugha ya bibi wa mtu yeyote.

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye jina lake ndilo hutajwa kila tunapotaka kulifunga jambo hili, alitufundisha kwa tendo. Mwaka 1985 alipotaka kuachia madaraka kwa hiari yake, Kiswahili hakikuwa na neno la kitendo hicho, maana kitendo chenyewe hakikuwa kimezoeleka. Alikwenda kulichukua nyumbani kwao, katika Kizanaki. Kung'atuka. Leo neno hilo ni letu sote, limo katika kamusi, linatumika bungeni na vijiweni. Hata jumba anamofanyia kazi Rais tuliliita kwa neno la Wasukuma na Wanyamwezi, ikulu, na ngeli ninazozifundisha kila wiki nimeambiwa na vitabu vya sarufi kwamba jina lake limetoka Kihaya. Ninyi wataalamu wa istilahi mnajua kuliko mimi kwamba mkihitaji neno jipya, lugha za Kibantu za nchi hii ni miongoni mwa mahali pa kwanza pa kutafuta. Mnachota kisimani. Kwa nini basi tunawachapa watoto wanaokitunza kisima?

Sheria na sera hazisemi tuwachape. Sera ya Utamaduni ya 1997 inasema wazi kwamba jamii zetu ziendelee kuzitumia lugha zao za asili na kujivunia, na kwamba watu na mashirika wahimizwe kuzitafiti, kuziandikia kamusi na sarufi, na kuchapisha. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Ni maneno mazuri ambayo hayajawahi kufika shuleni. Yaliyofika ni mambo mengine. Kanuni za utangazaji zinataka redio zitumie Kiswahili au Kiingereza isipokuwa kwa kibali maalumu, na redio ndogo ya wilaya haina nguvu ya kukifuatilia kibali hicho, kwa hiyo mtangazaji aliyezaliwa Newala anasoma tangazo la kipindupindu kwa wazee wa Newala kwa lugha ambayo nusu yao wanaisikia kwa shida. Sensa haijauliza kabila la mtu tangu 1967. Sensa ya 2022 ilituhesabu tukawa 61,741,120, ikauliza mpaka aina ya choo tunachotumia, na haikuuliza tunazungumza lugha gani nyumbani. Kama si kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza 2001 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, tusingekuwa hata na ramani ya tulicho nacho. Zaidi ya lugha 120, na nyingi hazina hata kitabu kimoja cha hadithi.

Hapa lazima nimtaje Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Akaikalia miaka, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980, naye akafa 1981. Ninaifundisha. Wanafunzi wangu wanaipenda, na kila mwaka yuko mmoja anayeuliza, "Mwalimu, ile ya Kikerewe iko wapi?" Kiswahili kiliipokea riwaya ile kikaiokoa, na hilo ni sifa kwetu. Lakini mzee yule hakuiandika kwa ajili ya kuokolewa. Aliiandika ili watu wa kisiwa chake wasome mambo yao kwa maneno yao.

Ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde wenzetu wana hali tofauti. Msumbiji ilianza mwaka 2003 kuwafundisha watoto wa madarasa ya mwanzo kwa lugha za kwao pamoja na Kireno, na Kimakonde ni mojawapo. Redio ya taifa lao inatangaza kwa Kimakonde kutoka Cabo Delgado, na jioni upepo ukiwa mzuri wazee wa vijiji vya mtoni upande wetu wanaisikiliza. Msumbiji haikuvunjika kwa sababu ya redio hiyo. Matatizo yake yana sababu nyingine, na nzito. Kaskazini kwetu, Kenya, wako Wamakonde ambao wazee wao walikwenda Kwale kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Waliishi huko vizazi vitatu bila kitambulisho, kwa sababu serikali haikuwa na jina lao katika orodha yake. Mwaka 2016 waliandamana kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mpaka wakaonana na Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wao walitembea ili jina la Kimakonde liwape uraia. Sisi uraia tunao tangu tuzaliwe, hakuna aliyetuuliza jina hilo, na hiyo ni neema kubwa ambayo sitaki kuibadilisha na mfumo wa Kenya. Ila neema ya kutoulizwa imegeuka polepole kuwa aibu ya kutaja. Vijana wetu wanaofika Dar es Salaam wanajifunza wiki ya kwanza kuficha lafudhi, kwa sababu neno "Mmakonde" limekuwa mzaha mdomoni mwa watu. Dunia inajaza majumba ya makumbusho kwa mpingo tuliouchonga, sindimba imechezwa mbele ya wageni wa taifa tangu uhuru, na mwenye mikono hiyo na kiuno hicho anaona haya kuomba maji kwa lugha yake.

Sasa ninaomba nini? Siombi mtaala wa lugha 120. Hapa Nanganga peke yake darasa moja lina watoto wa lugha nne, na mwalimu wa kweli anajua kwamba huwezi kuwagawa kwa makundi. Kiswahili kiendelee kuwa lugha ya darasa, na kama mkipata nguvu ya kukifikisha sekondari nitakuwa wa kwanza kushangilia.

Ninaomba kwanza tamko lenu, kwa maandishi, lipelekwe kwa kila mwalimu mkuu wa shule ya msingi: kwamba mtoto anayesema lugha ya nyumbani shuleni hajakikosea Kiswahili, na kwamba kumwadhibu kwa hilo hakumo katika kukilinda. Wakisema wanaharakati, watu watasema ni ukabila. Mkisema ninyi, wenye Kiswahili, hakuna atakayebisha. Ndiyo maana sikuiandika barua hii kwa wizara wala kwa mkuu wa mkoa. Semeni pia kwamba mwalimu wa awali na darasa la kwanza anayejua lugha ya mtoto anaruhusiwa kumweleza kwayo pale Kiswahili kinapokwama. UNESCO ilishauri mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha aliyonyonya nayo. Walimu wengi wanafanya hivyo leo wakiwa wamefunga mlango. Wafungulieni mlango.

Ombi jingine ni la redio. Nendeni pamoja na mamlaka husika mkaone kama kibali kile kinaweza kuwa rahisi, saa moja kwa wiki tu, ya hadithi, vitendawili na matangazo ya afya kwa lugha za wilaya. Wakulima wa korosho wataelezwa kipimo cha salfa kwa lugha ambayo hawatakosea.

La mwisho ndilo linaloniamsha usiku. Kila mwaka tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, tunavaa sare, tunaghani, wanafunzi wangu wanapata vyeti. Tarehe 21 Februari, siku ya lugha mama ambayo UNESCO hiyohiyo iliitangaza mwaka 1999, inapita kama Jumanne yoyote. Chukueni siku hiyo. Iwe siku ambayo Baraza la Kiswahili linawatuma wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne nyumbani kwa bibi na babu zao wakiwa na simu mkononi, wanase dakika kumi za mazungumzo, kisha waziandike na kuzitafsiri kwa Kiswahili kama kazi ya somo langu. Hakuna zoezi la sarufi, la tafsiri wala la insha litakalolizidi hilo. Kiswahili cha watoto wale kitakua, kwa sababu watatafuta neno la kitu ambacho hawajawahi kukisema, na wasipolipata watawaletea ninyi la bibi.

Mimi nimeanza. Karatasi ya manila niliibandua ukutani. Mwaka jana niliwaambia wanafunzi wa kidato cha pili waje na kitendawili kimoja cha nyumbani kwa lugha ya nyumbani, na mvulana ambaye hajawahi kunyoosha kidole tangu kidato cha kwanza alisimama akatega kwa Kimwera, akakaa, akasimama tena akatega kingine. Tulipitiliza kengele.

Na yuko Newala mdogo wake bibi, ndiye wa mwisho wa tumbo lile. Masikio yake ni mazima na kumbukumbu ipo. Nimenasa sauti yake kwenye simu mara mbili, dakika arobaini na kitu kwa jumla, na nimemsomea yale maneno ya nyuma ya kadi ili anirekebishie. Machache aliyatambua. Mengine alisema nimeyaharibu mno, nirudi nikiwa na mtu anayejua kuandika lugha hiyo. Mtu huyo simjui. Ninyi mnaweza kumpata. Tafadhali mtume mmoja wenu, au mwanafunzi wa isimu wa chuo chochote, nitampokea hapa njiapanda na tutapanda naye huko juu kwa gari la asubuhi. Aje kabla ya Septemba. Korosho zikianza kuanguka, bibi yule hushinda mikoroshoni mchana kutwa akiokota, na jioni huwa amechoka kusema.

Wenu katika kazi ya Kiswahili,

Mwalimu, Nanganga, Masasi